Vioo Alivyovivunja Frank Hurley

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Jioni hii namzungumzia mpigapicha mmoja tu, Frank Hurley wa Australia. Kwangu mimi, hakuna aliyeipiga picha bahari ya Antaktika kama yeye.

Januari 1915 meli ya Endurance, katika msafara wa Ernest Shackleton, ilinaswa na barafu kwenye Bahari ya Weddell. Haikutoka tena. Usiku mmoja wa Agosti Hurley aliizungushia meli mafungu 20 hivi ya unga unaotoa mwanga mkali ukilipuliwa, mengine akayaficha nyuma ya vilima vya barafu. Alipoyawasha, meli ilitokeza gizani nyeupe pe, kila kamba imevikwa jalidi. Itafuteni picha hiyo, muitazame taratibu.

Oktoba barafu ikaiponda meli, watu wote 28 wakahamia juu ya barafu. Negativu zake, yaani picha za awali ambazo kwazo picha huchapwa, nyingi zikiwa za vioo, zilibaki ndani, zimeshafunikwa na maji. Hurley akavua nguo za juu, akajitosa katika maji yale, akazitoa.

Lakini kioo ni kizito, na mashua zilipaswa kuburutwa kwa mikono. Basi yeye na Shackleton wakaketi barafuni wakavipitia kimoja kimoja. Walivyovichagua, kama 120, vikafungwa ndani ya makopo. Vilivyosalia, kama 400, vikavunjwa palepale, Hurley asije akabadili nia. Kwa mtu wa kazi hii, hiyo ni sauti nzito kuisikia. Kamera kubwa nazo zikaachwa. Akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na roli 3 za filamu.

Lipo jambo linaloniuma. Ile picha maarufu ya watu wakipunga mikono ufukweni Elephant Island, kisiwa walikofikia kwa mashua zao, ilipigwa Aprili 1916, siku mashua ya James Caird ilipoondoka kwenda kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada. Baadaye ilirekebishwa, ikatolewa kama picha ya kuokolewa kwao, jambo lililotokea Agosti 30. Watu waliokuwa wakiwaaga wenzao bila kujua kama wataonana tena wakageuzwa kuwa washangiliaji! Kule kuagana kulikuwa kuzito kuliko shangwe yoyote.

Mwaka 1917, akipiga picha za vita Ulaya, Hurley aligombana na Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita wa Australia, kwa sababu ya kuunganisha negativu kadhaa kuwa picha moja. Bean aliziita picha za uongo. Nampenda Hurley, lakini katika hili nasimama na Bean.