Isome Paneli Kabla ya Kufungua Kopo la Rangi

Mbukwenyi, mafundi wenzangu. Asanteni kwa kuziacha gereji zenu asubuhi hii mje kunisikiliza. Leo tunapaka upya rangi plastiki za ndani ya gari zilizopauka.

Hii niliyoshika ni paneli, plastiki ya ndani ya mlango wa Isuzu ya miaka ya 90. Kijana wa hapo mbele, pitisha kidole huku juu, karibu na kioo. Mmeona? Kidole kimetoka na unga mweupe kama chaki. Wengi wetu tunaudhani ni uchafu, tunaosha, kesho umerudi. Ule ni plastiki yenyewe. Mionzi ya jua inaikatakata taratibu, uso wake unakufa na kuwa unga, na rangi iliyokuwemo inapauka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mionzi hiyo ni mikali zaidi, na kiangazi chetu ni miezi mingi isiyo na mawingu ya maana. Lori likishinda juani Kizota likisubiri mzigo, vioo vimefungwa, kebini inakuwa tanuri.

Sasa igeuze. Futa vumbi hapa nyuma, tafuta herufi ndogo zilizochomoza: PP au ABS, aina mbili za plastiki. Zitafuteni hata kama mwenye gari amesimama pembeni anawaharakisha. ABS inashika rangi vizuri, ila ukiifuta kwa thina kali inalainika na baadaye kupasuka nyufa. PP ni kinyume chake: haiogopi thina sana, lakini rangi haitaki kabisa. Bila praima ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, rangi inakaa juu yake kama ganda la yai. Herufi zikiwa zimefutika, kwangua kipande kidogo chembamba upande wa nyuma, ukitie kwenye kikombe cha maji. ABS huzama, PP tupu huelea. Iliyochanganywa na madini inaweza kuzama pia, kwa hiyo ukibaki na shaka tumia praima ambayo kopo lake linasema inafaa zote mbili.

Hili nililipia. Mzee mmoja anayebeba mahindi ya Kibaigwa aliniletea paneli mbili, nikampigia rangi nzuri ya kijivu, akaondoka ananishukuru. Wiki ya tatu akarudi. Pale anapoegemeza kiwiko rangi ilikuwa imebanduka kipande kizima, laini, unaweza kukikunja kama karatasi ya pipi. Nyuma yake pameandikwa PP. Sikuwa nimegeuza. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu, na uso wa yule mzee bado ninao.

Adui wa pili ni polishi ya dashibodi, ile ya kung'arisha inayouzwa sheli na barabarani. Nyingi zina silikoni, na silikoni ikibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa brashi, maana vinyweleo vya plastiki, vile vijishimo vya uso wake, vimebeba vumbi la miaka. Kausha, futa kwa spiriti na kitambaa safi, geuza kitambaa kila mara. Ndipo upige msasa laini, namba 600 au 800, kwa mkono mwepesi, kisha ufute tena. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, unaisugulia silikoni ndani ya mikwaruzo. Kipimo changu ni maji: nyunyizia, yakitandaa uko salama, yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba, rudi kwenye sabuni.

Tuje kwenye kufananisha, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Rangi ya asili ya gari imejificha pasipofikiwa na jua: nyuma ya droo ya dashibodi, chini ya kifuniko cha mkanda. Lakini muulize mwenye gari kwanza. Kama anapaka zote, fuata hiyo ya asili. Kama anapaka moja tu, ukimpa ya asili utamharibia, itaonekana kiraka kati ya wenzake waliopauka. Hapo fananisha na jirani yake. Kijivu cha magari ya Kijapani mara nyingi si nyeusi na nyeupe tu. Kina chembe ya kahawia au kijani. Anza na rangi isiyokolea, ongeza iliyokolea tone kwa tone, paka kwenye kipande cha plastiki, kiache kikauke, ukitazame ndani ya kebini ileile, juani na kivulini. Taa ya gereji itakudanganya. Na mng'ao nao ni rangi: ikiwa inang'aa zaidi ya jirani, itaonekana nyeusi zaidi hata kama mchanganyiko ni uleule.

Kupiga kwenyewe ni kufupi. Asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi, sakafu imelowa maji, barakoa usoni. Mapigo matatu membamba, dakika kumi hivi katikati. Ukijaza pigo moja zito unafukia vinyweleo na plastiki inaonekana kama ndoo. Juu ya dashibodi weka rangi ya mati pekee, ile isiyong'aa, la sivyo kioo cha mbele kitamrudishia dereva mwanga machoni. Kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama (airbag) msikiguse kabisa.

Nimeleta ndoo mbili, brashi, na paneli nne ambazo sijazigeuza. Sogeeni, kila kundi lichukue moja.