Gari Hili Lilizaliwa Nini? Mhadhara Juu ya Magari Madogo ya Mizigo Yaliyofungwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kazi yangu ni kunyoosha na kuunga bodi za magari, na neno linalonipa shida kuliko yote ni hili fupi: vani. Mteja anapiga simu, anasema vani yake imegongwa ubavuni. Ipi? Kwa mmoja ni gari dogo kama la kutembelea, ila halina viti vya nyuma. Kwa mwingine ni gari refu ambalo mtu mzima anasimama ndani bila kuinama. Wa tatu ana sanduku lililofungwa nyuma ya kichwa cha lori dogo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinayaweka yote matatu katika kundi moja, N1, mradi gari pamoja na mzigo wake lisizidi kilo 3,500. Sheria inatazama uzito. Mimi leo naomba tutazame mshono.

Simama kando ya gari, weka kidole nyuma ya mlango wa dereva, ukipitishe kwenye bati kuelekea nyuma. Bati likiendelea hadi kwenye taa ya nyuma, hiyo ni vani ya bodi moja: paa, kuta na sakafu vimechomelewa pamoja kiwandani, na kuta hizo zinashiriki kubeba. Kidole kikiangukia kwenye pengo, au kwenye raba pana iliyobanwa kati ya kichwa na sanduku, ujue sanduku lilikuja baadaye na kufungwa kwa bolti juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari.

Hili nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mteja alitaka dirisha ubavuni mwa vani yake. Nikakata bati, na ndani nikakuta ubavu wa chuma uliosimama wima kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Ulikuwa katikati ya nafasi ya kioo, nikaukata nao. Kioo kilikaa vizuri kabisa. Baada ya miezi michache gari likarudi: mlango wa kusukuma wa pembeni haufungi, kwa sababu ukuta ulikuwa umelegea na fremu ya mlango imekaa upande. Kwenye sanduku la kufunga kwa bolti, mara nyingi unabadilisha paneli moja na kazi imekwisha, maana mzigo mkubwa uko kwenye chasisi. Kwenye bodi moja, ukuta ni mfupa.

Swali la pili: gari lilizaliwa nini? Vani ndogo nyingi zilizaliwa kama magari ya kutembelea. Citroën, kampuni ya Ufaransa, walipotoa toleo la mizigo la gari lao dogo la 2CV mwaka 1951, mbele waliacha 2CV ileile na nyuma wakaweka kisanduku cha bati la migongo. Ilibeba kilo 250 hivi. Marekani nao walikuwa na magari ya aina hiyo, umbo la saluni lenye milango miwili, na mahali pa madirisha ya nyuma pamezibwa kwa bati. Gari la ukoo huu utalijua kwa kukaa kwenye kiti: unakaa chini, miguu imenyooka mbele, dashibodi ni ya gari la familia. Linaendeshwa kwa raha, lakini springi zake zina mipaka, na mwenye haraka husahau hilo.

Japani wana ukoo wao, magari madogo sana yaitwayo kei, ambayo yamefungwa na sheria yenyewe: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini sentimita za ujazo 660. Kwa kuwa urefu ni mdogo hivyo, wabunifu wengi waliificha injini chini ya viti au sakafu, nafasi yote ya juu ikabaki ya mzigo. Ninayaheshimu sana magari haya.

Sasa tufike kwa vani iliyozaliwa vani. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon alichora kwenye daftari lake umbo kama la mkate: dereva mbele kabisa, injini nyuma, mzigo katikati. Mchoro huo ndio uliozaa Transporter ya Volkswagen, iliyoanza kuundwa mwaka 1950. Mzigo mzito ukikaa kati ya ekseli mbili, gari linatulia. Gharama yake utaiona ukifungua mlango wa nyuma: sakafu inapanda juu ya injini, kwa hiyo vitu virefu vinakuwa na mahali pagumu pa kukaa. Citroën H, iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka uleule wa mchoro, 1947, ilifanya kinyume. Injini na nguvu zote ziliwekwa mbele, hakuna shafti ya kupeleka nguvu nyuma inayopita chini, sakafu ikashuka hadi mtu akaingia bila kupanda. Bati lake la migongo ni hesabu: bati jembamba likikunjwa linakuwa gumu.

Ford Transit ya 1965 ina alama ninayoipenda. Injini ya petroli ilikuwa V4, yaani silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, fupi, ikaingia kwenye pua fupi. Injini ya dizeli ya Perkins ilikuwa ndefu, haikuenea, hivyo pua ikarefushwa. Mtu aliyezijua alitambua dizeli kabla haijawashwa.

Kuhusu masanduku nina jambo moja la kuwasihi, kwa sababu hapa watu huumia. Sanduku kubwa halimaanishi mzigo mkubwa. Kikomo kikiwa kilo 3,500, kila kilo ya sanduku, ya shata (mlango wa kukunjwa) na ya jukwaa la kupandishia mzigo inatolewa humohumo. Kati ya magari mawili ya chasisi moja, lenye sanduku kubwa zaidi mara nyingi ndilo linaloruhusiwa kubeba kidogo zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Vani kubwa ya mita za ujazo 17, ikijazwa maji, ingebeba tani 17, ilhali inaruhusiwa tani moja na ushei. Karatasi nazo si nyepesi kuliko maji kwa kiasi kikubwa. Sanduku kubwa ni la magodoro na makochi.

Kuna pia gari la kupita ndani, ambalo dereva anainuka kitini na kuingia moja kwa moja kwenye mzigo. Grumman LLV ya posta ya Marekani, iliyoundwa kati ya 1987 na 1994, ni ya aina hii: bodi ya alumini juu ya chasisi ya Chevrolet S-10, na usukani upande wa kulia ili mkono wa dereva ufike kwenye sanduku la barua kando ya njia.

Mwisho, mmeniuliza mlangoni: vani na basi dogo la umbo lilelile tunazitenganishaje? Itazame vani ubavuni jua likiwa chini. Kwenye nyingi utaona mstari uliogandamizwa kwenye bati, wenye pembe za mviringo, mahali ambapo ndugu yake wa abiria ana kioo.