Msafara wa Limehouse hadi Brentford

Rukia: Haya, kaka Salim, tangu Jumamosi simu yangu imejaa picha za Tower Bridge. Hebu eleza.

Salim: Jirani alinichukua nimsaidie kwenye boti yake nyembamba. Boti sita za mfereji, tukafuatana kwenye mto Thames, London, kutoka Limehouse hadi Brentford. Lango la maji la Limehouse, la kutokea mtoni, lilifunguliwa maji yakiwa yanajaa, yatusukume kwenda juu. Ukitoka tu, mkondo unakudaka ubavuni, omo, yaani mbele ya boti, inataka kugeuka.

Rukia: Na lilikuwa bamvua!

Salim: Bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Pale London Bridge maji ya bamvua hupanda kama mita 7. Sasa, nimeandaa mafunzo matatu. La kwanza, kabla ya kutoka mkuu wa msafara alituambia, mkiona robota la majani makavu linaning'inia darajani, jueni kimo cha tao hilo kimepungua.

Rukia: Majani? London?

Salim: Wallahi. Imo kwenye sheria ndogo za mto hadi leo. Usiku wanaweka taa nyeupe. Mwaka 2023 Millennium Bridge ilipokuwa inatengenezwa, walilining'iniza.

Rukia: Nani analifunga?

Salim: Mwenye daraja.

Rukia: Na tao likifungwa kabisa?

Salim: Hapo ni duara tatu nyekundu.

Rukia: Mimi nalipenda hilo robota. Nahodha asiyejua kusoma alilielewa, na wa leo analielewa. Lazima liwe kubwa kiasi gani?

Salim: Lionekane vizuri mchana. Dada, mafunzo...

Rukia: Subiri. Likilowa mvua likadondoka?

Salim: Wafunge jingine! Tuendelee. Boti za abiria zinapita kasi, mawimbi yanatikisa tanki la dizeli, uchafu wa chini unapanda, unaziba kichujio, injini inazima. Boti ya nne ilizimika hivyo karibu na Lambeth. Mwenzake akamrushia kamba, akamvuta. Ndiyo faida ya msafara.

Rukia: Hapo hatukubaliani, na wanaotusikiliza tangu kile kipindi cha dau la Pangani wanajua msimamo wangu. Chombo cha upana wa mita 2 na tumbo bapa kimeundwa kwa maji yaliyotulia. Peke yake yule asingethubutu. Msafara ndio uliompa ujasiri asiostahili.

Salim: Msafara ndio uliomwokoa.

Rukia: Kutokana na hatari uliyompeleka.

Salim: Wamekaguliwa wote. Nanga imefungwa tayari, majaketi, redio chaneli 14 ya waongozaji wa mto. Chombo cha urefu wa mita 13.7 na zaidi ni lazima kiwe na redio.

Rukia: Redio haibadilishi umbo la boti.

Salim: Basi watu wa mifereji wasiuone mto wao?

Rukia: Wauone kwenye boti za abiria.

Salim: Hapana, dada. Hilo sikubali.

Rukia: Na mimi sirudi nyuma. Muda umetuishia, lakini.

Salim: Bado funzo la pili na la tatu!

Rukia: Yabaki hapo hapo. Wiki ijayo tuna mgeni.

Salim: Basi niseme moja tu: badilisheni kichujio kabla ya kutoka, na cha akiba kiwe karibu na...

Rukia: Kwaherini!