Třeboň: Mji wa mabwawa yaliyochimbwa kwa mikono

KASSIM: Asalaam aleikum wapenzi wasikilizaji, habari za wakati huu. Mimi ni Kassim.

MWANAIDI: Na mimi ni Mwanaidi. Leo tuko Jamhuri ya Cheki, kusini kabisa, kwenye mji unaoitwa Třeboň. Ni mji mdogo, wakazi wake ni kama 8,000 hivi. Kutoka České Budějovice ni mwendo wa kilomita 25 kuelekea mashariki, na ukishika njia ya kusini hukawii kuingia Austria.

KASSIM: Dada Mwanaidi, ukiitazama ramani ya eneo lile unaona maji kila upande. Mtu atasema hayo ni maziwa, Mungu kayaweka hapo.

MWANAIDI: Ndiyo maana nimeutaka mji huu. Yale ni mabwawa ya samaki, yapo mamia, na yamechimbwa na watu. Hata mto una sehemu iliyochimbwa. Jiografia ya Třeboň utaielewa ukiijua historia yake, huwezi kuvitenga.

KASSIM: Kabla ya mabwawa palikuwaje?

MWANAIDI: Kinamasi. Pale ni bonde pana, tambarare, kama mita 434 juu ya usawa wa bahari. Mto Lužnice unaingia kutoka Austria ukijikunjakunja kwa sababu hauna mteremko wa kuuharakisha. Chini kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, yanatuama. Shamba la ngano halikubali pale. Mwaka 1366 mji ukaingia mikononi mwa ukoo wa Rožmberk, makabaila wakubwa wa kusini mwa Bohemia, yaani sehemu ya magharibi ya Cheki ya leo, wale ambao nembo yao ni waridi la petali tano. Wakaona kwamba kama ardhi haitaki nafaka, basi ipewe samaki.

KASSIM: Na soko la samaki lilikuwepo?

MWANAIDI: Kubwa! Fikiria siku zote ambazo Kanisa Katoliki liliwakataza waumini nyama. Kwaresima yote, Ijumaa, na mikesha ya sikukuu. Bahari iko mbali mno. Kwa hiyo mwenye bwawa lenye karpi alikuwa na mali.

KASSIM: Karpi ndiyo yule anayevuliwa pia Ziwa Naivasha siku hizi.

MWANAIDI: Huyo huyo. Sasa, mwanzoni mwa karne ya 16 akatokea Štěpánek Netolický, mtaalamu wa mabwawa wa ukoo ule. Huyu bwana mimi namheshimu kuliko wote. Tatizo alilolikuta ni kwamba mabwawa yalikuwepo, ila kila moja lilitegemea maji yake lenyewe, na maji yasiyosogea huishiwa hewa, samaki wakafa. Akachimba mfereji unaoitwa Zlatá stoka, yaani Mfereji wa Dhahabu. Unachepuka kutoka mto Lužnice upande wa kusini, unapita mjini Třeboň kwenyewe, unayanywesha mabwawa njiani, kisha unarudi mtoni kule kwenye mji wa Veselí. Kilomita 48.

KASSIM: Bila pampu.

MWANAIDI: Bila pampu, wala chombo chochote cha kisasa cha kupimia. Na kumbuka nchi yenyewe ni bapa. Ukikosea kidogo tu, maji yanasimama au yanarudi nyuma. Yeye akayaongoza kilomita 48 kwa mteremko mdogo ajabu, na mfereji unafanya kazi mpaka leo, miaka 500 baadaye. Kaka Kassim, barabara ngapi unazijua za miaka 50 ambazo bado zinapitika?

KASSIM: Hapo umenifunga mdomo. Na yule mchimba mabwawa mwingine, Krčín?

MWANAIDI: Jakub Krčín alikuja baadaye, karne ile ile. Netolický alikuwa mtu wa hesabu, Krčín alikuwa mtu wa ukubwa. Miaka ya 1570 alichimba bwawa la Svět, likagusa ukuta wa mji. Ili lipatikane, kitongoji kizima nje ya mji kilibomolewa. Halafu kati ya 1584 na 1590 akajenga Rožmberk, bwawa kubwa kuliko yote nchini mwao. Tuta lake lina urefu wa mita 2,430, na maji yanatanda karibu kilomita za mraba 5.

KASSIM: Nani aliyebeba udongo wa tuta la kilomita mbili na nusu?

MWANAIDI: Wakulima wa vijiji vya pale, wengine kwa kazi ya shokoa. Hao hawakuwa na hiari mbele ya bwana wa ardhi. Jembe, koleo, toroli na mikokoteni, msimu baada ya msimu. Wenyeji walimchukia Krčín hivi kwamba ngano zao zinasema alifanya mapatano na shetani, na roho yake haipumziki. Majina ya wachimbaji hayatajwi, la Krčín ndilo linalotajwa. Hilo linanikera kila ninapousoma mji huu.

KASSIM: Una haki. Lakini kazi yenyewe ilisimama imara?

MWANAIDI: Sikiliza. Krčín alijua kwamba bwawa kubwa kiasi kile lililokaa kwenye njia ya mto ni hatari. Mto ukifura, tuta linaweza kupasuka. Kwa hiyo akachimba mto mwingine kabisa, Nová řeka, Mto Mpya, kilomita 13 na kitu, wa kuyachepusha maji ya mafuriko kutoka Lužnice kwenda mto wa jirani, Nežárka. Na juu ya matuta ikapandwa mialoni, mizizi yake ishikilie udongo. Mialoni ya zamani ungali ukiikuta, minene, watu wawili hawawezi kuizungushia mikono.

KASSIM: Tufike 2002.

MWANAIDI: Agosti 2002 Ulaya ya kati ilipata mafuriko mabaya, hata Prague ilizama maeneo mengi. Bwawa la Rožmberk kwa kawaida hubeba kama mita za ujazo milioni 6. Mafuriko yale yaliingiza takriban milioni 70. Tuta la karne ya 16 likashika! Miji iliyo chini yake ingeonja maji yale yote kwa mkupuo mmoja. Udongo uliobebwa na wale wakulima wasio na majina ndio uliowakinga.

KASSIM: Subhanallah. Na uvuvi wenyewe unaendaje?

MWANAIDI: Hapo ndipo penye raha. Ni vuli, mara nyingi Oktoba. Lango la maji hufunguliwa taratibu, bwawa kubwa linachukua wiki kadhaa kukauka. Maji yanapopungua, samaki wanakusanyika wenyewe kwenye kina karibu na tuta. Alfajiri, ukungu bado umelala, wavuvi wanaingia na mavazi ya mpira hadi kifuani, wanavuta nyavu kama watu wa kokoro. Nusu saa baadaye uso wa maji unachemka kwa migongo ya karpi. Wanachotwa, wanachambuliwa kwa aina na ukubwa, wanapimwa, wanapakiwa hai kwenye matangi.

KASSIM: Wanauzwa siku hiyo?

MWANAIDI: Wengi hapana. Karpi wa bwawani ana ladha ya tope, kwa hiyo wanawekwa kwanza kwenye vidimbwi vya maji safi yanayotiririka. Soko lenyewe ni Desemba. Mkesha wa Krismasi Mcheki anakula karpi wa kukaanga na saladi ya viazi. Mitaani yanawekwa mapipa ya samaki hai, unachagua wako, muuzaji anamuua papo hapo au unaondoka naye. Wengine humfuga siku mbili ndani ya bafu, watoto wakampa jina, kisha ikawa shida kumchinja. Na gamba moja linawekwa chini ya sahani, baadaye linahifadhiwa kwenye pochi, ili mwaka mzima usikaukiwe fedha.

KASSIM: Wale Rožmberk waliishia wapi?

MWANAIDI: Wa mwisho alikuwa Petr Vok. Alimuuzia Kaisari Rudolf II ngome ya Český Krumlov, akahamia Třeboň mwaka 1602, akafa 1611 bila mtoto. Baadaye, tangu 1660, mji ukawa wa ukoo wa Schwarzenberg.

KASSIM: Na leo mabwawa ni ya nani, samaki au ndege?

MWANAIDI: Ndiyo mvutano uliopo. Tangu 1977 eneo lile ni hifadhi ya biosfia ya UNESCO, yaani mahali ambapo viumbe wanalindwa huku watu wakiendelea na shughuli zao, na tai wa baharini wamerudi kujenga viota. Wafugaji wanataka samaki wengi zaidi kwenye kila bwawa, maana ndiyo riziki yao. Wahifadhi wanasema karpi wakizidi wanakula wadudu wote na kutibua tope, mimea ya majini inakufa, na bata wanakosa chakula. Mimi niko upande wa kupunguza idadi ya samaki, hasa kwenye mabwawa madogo. Ila sitaki mabwawa yaachwe bila mfugaji, kwa sababu lango lisipofunguliwa na tope lisipotolewa, yatarudi kuwa kinamasi.