Oili Inakwenda Wapi? Swali la Cessna Kutoka Kitale

KAPTENI: Karibuni tena kwenye kipindi. Tuko hapa Kisumu, mimi na Fundi, na huo mngurumo mnaousikia nyuma ni ndege ya Nairobi inaondoka, tuvumilieni. Fundi, za tangu juzi?

FUNDI: Salama, dada. Jua tu ndilo limekaza.

KAPTENI: Leo tuna swali la msikilizaji wa upande wa Kitale. Ana Cessna 172, injini ni Lycoming ya nguvu za farasi 160, sampu yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ya kwoti 8, na kwoti moja ni karibu lita moja. Akijaza nane, akiruka saa mbili hivi anakuta imeshuka hadi sita na nusu. Tumbo la ndege limelowa mpaka karibu na mkia. Ameshaambiwa avue silinda zote nne.

FUNDI: Zote nne! Ameambiwa na nani?

KAPTENI: Hakusema, na sisi hatutauliza.

FUNDI: Haya. Ikishafika sita na nusu, inaendelea kushuka kwa kasi ile ile?

KAPTENI: Hilo nilimuuliza. Hajui, kwa sababu akiona imeshuka tu anajaza tena nane.

FUNDI: Basi hapo ndipo pa kuanzia. Nyingi za injini hizi hazipendi nane. Ukizijaza, kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaichapa oili, ukungu wake unatoka na hewa kwenye bomba la kupumulia, na mdomo wa bomba hilo uko chini, unamwagia tumboni. Ikifika kiwango inachokitaka, inatulia. Yeye anajaza, inatema, anajaza. Aiache kwenye sita na nusu, mradi kitabu cha ndege yake kinaruhusu kiwango hicho kwa safari anayokwenda, kisha aanze kuhesabu upya.

KAPTENI: Na apime vipi? Maana kuna wanaozima injini na kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, papo hapo.

FUNDI: Hapo oili nyingi bado iko juu, haijarudi kwenye sampu. Apime asubuhi kabla ya kuwasha, ndege ikiwa imesimama mahali pale pale. Viwanja vyetu vya nyasi vina miteremko, na gurudumu moja likiwa kwenye shimo, dipstiki inakudanganya. Aandike kiwango na saa za injini kwenye daftari. Si kwa kichwa.

KAPTENI: Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini, wametoa hesabu ya kikomo cha oili inayoruhusiwa kupungua. Unachukua 0.006, unazidisha kwa nguvu za farasi, unazidisha kwa 4, unagawanya kwa 7.4. Kwa injini ya 160 unapata kama 0.52. Yaani nusu kwoti kwa saa, karibu nusu lita.

FUNDI: Hicho ni kikomo, dada, si ruhusa ya kulala. Mimi injini ikifika hapo nimeshaanza kuitafuta muda mrefu. Na nikikuta ilikuwa inaomba kwoti kila saa kumi, sasa inaomba kila saa nne, siangalii kikomo, naangalia kilichobadilika.

KAPTENI: Tuseme ametulia kwenye sita na nusu na bado inapungua.

FUNDI: Aoshe. Watu hawataki kuosha! Wanafungua kifuniko, wanaona weusi kila mahali, wananyoosha kidole kwenye penye weusi zaidi. Angani oili haitiririki chini, upepo unaisukuma nyuma. Ukiona nyuma ya injini kumelowa, huenda inatoka mbele kabisa. Kwa hiyo: funga vifaa vya umeme, magneto na alternata, kwa nailoni, osha injini yote, kausha. Washa uwanjani mpaka oili ipate joto, zima, ingia na tochi na kioo kidogo. Tafuta penye unyevu palipo juu zaidi na mbele zaidi. Hapo ndipo mlango.

KAPTENI: Na kama hakuonekani kitu?

FUNDI: Ile poda ya kupuliza ya miguu, wanariadha wa Iten wanaijua. Puliza panapokutia shaka pakiwa pakavu, washa tena kidogo. Oili ikipenya, poda nyeupe inaweka doa. Mara nyingi ni vitu vya bei ndogo: sili za mirija ya pushirodi, gasketi za vifuniko vya valvu, mpira wa oili uliokakamaa, au valvu ya kumwagia oili haijakaa sawa.

KAPTENI: Na ikiwa kavu nje?

FUNDI: Basi inaungua ndani, au inatoka na pumzi kwa sababu ringi za pistoni zimechoka. Hapa murram ina lawama. Chujio la hewa likipasuka pembeni, vumbi linaingia na kusaga ringi. Sasa watu hukimbilia kupima kompresheni, wanaingiza kwenye silinda hewa ya shinikizo la 80, wanasoma 76 imebaki, wanasema silinda ni nzima. Sikiza. Kipimo hicho kinaonyesha valvu na ringi za kushikilia mgandamizo. Ringi ya kukwangua oili hakiipimi vizuri. Silinda inaweza kusoma 76 na bado inakunywa oili. Toa plagi za chini, zipange kwa namba za silinda. Tatu kavu, moja imelowa oili? Umempata. Vua hiyo moja, si nne.

KAPTENI: Umesema bomba la kupumulia. Mimi kwenye ukaguzi nalichungulia kwa sababu ya nyigu.

FUNDI: Wale wa udongo! Ndege ikikaa wiki chache bila kuruka, wanajenga popote penye tundu. Bomba likiziba, injini haina pa kutolea pumzi, shinikizo linapanda, na sili ya mbele kwenye propela inasukumwa nje. Hapo oili haipungui kwa kwoti, inamwagika.

KAPTENI: Na utaiona kwenye kioo cha mbele. Hapo mimi nachukua usukani wa maongezi: oili kwenye kioo, au presha inashuka huku joto likipanda, hakuna kupeleleza. Ukiwa juu ya Mau, chini ni msitu, usijiambie Nakuru si mbali. Punguza nguvu, geukia kiwanja cha karibu, tua.

FUNDI: Kabisa.

KAPTENI: Basi ndugu yetu wa Kitale, usivue silinda bado. Osha, jaza sita na nusu, na ututumie picha ya daftari lako baada ya saa kumi za kuruka.

FUNDI: Na ya plagi za chini, zikiwa zimepangwa. Asizifute kwanza.