Kile kipakiti cha "USILE" ndani ya korosho: kinafanyaje kazi, na kwa nini mfuko wako unakiangusha

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie wajasiriamali mnaosindika korosho, karanga na matunda ya kukausha. Maswali ya vifungashio yamejaa kwenye maoni, kwa hiyo leo hakuna mzunguko.

Hii ni pakiti ya korosho ya supamaketi ya huku Uingereza. Naikata. Mnaona hiki kipakiti cheupe kilichoandikwa usile? Nakipasua juu ya karatasi: unga mweusi. Napitisha sumaku chini ya karatasi, unga unaifuata. Ni chuma kilichosagwa, kimechanganywa na chumvi kidogo na mkaa. Kazi yake yote ni kushika kutu, na chuma kinaposhika kutu kinakula oksijeni. Gramu 1 ya chuma inaweza kumaliza karibu mililita 300 za oksijeni. Oksijeni ikiisha humo ndani, mafuta ya korosho hayachachi upesi, ukungu hauoti, wadudu wanakufa. Siyo kitu cha jana hiki: Mitsubishi Gas Chemical ya Japani ilianza kuviuza mwaka 1977 kwa jina la Ageless.

Vile vya punjepunje vinavyokaa kwenye boksi la viatu ni vingine. Hiyo ni silika, inanyonya unyevu tu. Usiviweke pamoja, kwa sababu chuma bila unyevu hakishiki kutu, na silika itakikausha. Kwa korosho na karanga zilizokaangwa, ambazo ni kavu sana, mwambie muuzaji unataka aina inayobeba unyevu wake yenyewe. Ipo aina nyingine inayosubiri unyevu utoke kwenye chakula, na kwenye korosho itasubiri mpaka mwaka uishe.

Sasa mfuko. Hapa ndipo hela inapopotelea. Nailoni ya kawaida (polithini), ile laini inayoonyesha, inazuia maji vizuri lakini oksijeni inapita. Chukua mfuko wa sentimita 20 kwa 30 wenye unene wa maikroni 50: kwa hesabu ya haraka unaingiza mililita kama 100 za oksijeni kwa siku. Ukiweka kipakiti cha 200, yaani kinachomeza mililita 200 za oksijeni, siku mbili kimekwisha, na mteja anakuja kununua kutu. Unahitaji mfuko wenye tabaka la foili ya alumini, au plastiki yenye tabaka la EVOH katikati, plastiki inayozuia oksijeni. Kama muuzaji hajui mfuko wake umetengenezwa kwa tabaka gani, msiendelee na biashara hiyo.

Ukubwa wa kipakiti unapigiwa hesabu, haukisiwi. Jaza mfuko mmoja korosho gramu 250, uuzibe bila kipakiti, uzamishe kwenye ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni, kinga maji yanayomwagika uyapime. Tuseme ni mililita 700. Korosho zenyewe zinachukua karibu mililita 250, kwa hiyo hewa ni 450. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa: unapata 95. Kipakiti cha 100 kitabanwa mno, weka cha 200. Namba hiyo imeandikwa juu yake, kwa kawaida kama cc, ambayo ni mililita ileile.

Siku ya kufungasha, jaza mifuko yote kwanza, ndipo ufungue boksi la vipakiti. Kikishaguswa na hewa kimeanza kazi; hiki nilichopasua hapa tayari kina joto. Jipe nusu saa, vinavyobaki uvizibe papo hapo. Futa mdomo wa mfuko kwa kitambaa kikavu kabla ya kuusili, maana chembe moja ya korosho au tone la mafuta linaacha njia ndogo usiyoiona. Mstari wa kusili uwe na upana wa milimita 8 hadi 10. Kisha chukua mifuko michache kila bechi, izamishe majini na uibinye: povu likitoka, ongeza joto la mashine au punguza mwendo.

Kesho yake usitegemee mfuko ugande kama uliovutwa kwa mashine ya vakyumu. Kilichotoka ni ile asilimia 21. Naitrojeni bado imo. Mfuko unabonyea kidogo tu, na ni afadhali, maana vakyumu kali inavunja korosho nzima. Ukitaka uhakika, kuna vidonge vya kuweka ndani ya mfuko vya kuonyesha oksijeni: waridi ina maana oksijeni imekwisha, bluu ina maana ipo.

Hapa nisikilizeni kwa makini, mama zangu wa vikundi. Usiweke kipakiti hiki kwenye chakula chenye majimaji: dagaa walioanikwa nusu, nyama isiyokauka, pilipili ya kusaga mbichi. Bakteria wa botulizimu hawapendi oksijeni, wewe unakuwa umewajengea nyumba. Sumu yao inaua na haina lazima ya kunuka. Na karanga zenye sumukuvu haziponi ndani ya mfuko wowote. Ukungu utasimama, sumu iliyokwishatengenezwa itabaki.

Kuna pia lebo za kifungashio zinazobadilika rangi bidhaa ikipata joto kupita kiasi. Manesi wanazijua zamani: kile kimraba ndani ya duara kwenye chupa ya chanjo ya polio ya matone, tangu 1996. Wazo ni lilelile kwa samaki na maziwa. Kwa korosho ni gharama bure.

Mifuko ya "kuoza" ya PLA, plastiki inayotengenezwa kwa mimea, mimi kwa korosho siishauri. Inalainika kwenye nyuzi joto 55 hadi 60, na inapitisha oksijeni. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, ni cha mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi kama 58, siyo shimo la taka nyuma ya nyumba. Katazo la Tanzania la Juni 1, 2019 liligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya usindikaji wa chakula viliachwa.

Anayeuza Ulaya ana jambo jingine. Kanuni ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya, namba 2025/40, tarehe yake ya kuanza kutumika ni Agosti 12, 2026, na kufikia 2030 vifungashio vinatakiwa viwe vinarejelezeka. Foili iliyogandishwa na plastiki haitenganishwi kirahisi. Muulize mnunuzi kwa maandishi anapokea tabaka zipi kabla hujachapisha nembo kwenye roli nzima.

Niandikieni kwenye maoni urefu na upana wa mfuko, gramu za bidhaa na aina ya plastiki, nitawapigia hesabu ya kipakiti.