Rangi Iliyojificha Ndani ya Pindo

Ndugu zangu, habari za jioni. Leo nazungumzia kulinganisha rangi za viti na mapambo ya ndani ya magari ya zamani. Nimekuja na kipande kimoja tu cha kitambaa, na ningependa kipite mikononi mwenu huku nikiendelea kuzungumza. Kimetoka kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitazameni upande wa juu kwanza. Mtasema ni kijivu, au buluu iliyochoka. Sasa funueni lile pindo nililolifumua. Ndani mna ukanda mwembamba, hauzidi upana wa kidole, nao ni kijani. Kijani kibichi kabisa, kama kilitoka kiwandani jana.

Kitambaa ni kimoja, uzi ni ule ule, na vyote vilitiwa rangi siku moja. Kilichovitenganisha ni jua. Kijani hicho kilipatikana kwa kuchanganya rangi ya manjano na ya buluu. Ya manjano haikuwa na uvumilivu, ikafa mapema. Ya buluu ikabaki peke yake. Ndiyo maana mwenye gari aliponijia alisisitiza kwamba viti vyake ni vya buluu, na hakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo alivyovijua tangu alipolinunua gari lile.

Kwa hiyo kabla sijagusa kopo lolote la rangi, namkalisha mwenye gari tuelewane jambo moja: tunatafuta rangi ipi? Maana ndani ya gari la zamani mna rangi ya siku lilipozaliwa, mna rangi ya leo, na mna ile iliyo kichwani mwa mwenyewe. Kama umechanika upande mmoja tu wa kiti na vingine vyote ni vizima, nitaifuata rangi ya leo, pamoja na kufifia kwake. Kama viti vyote vinavuliwa na kushonwa upya, nitaifuata ya ndani ya pindo. Kazi nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibikia katikati: fundi kashona kiti kimoja kwa rangi ya asili, vitatu vikabaki na rangi ya uzee, na gari linaonekana kama limeazima kiti cha jirani.

Sasa, hiyo rangi ya asili utaipata wapi? Pasipofika jua. Ndani ya mapindo, kama mlivyoona. Chini ya sehemu ya kuegemeza mkono mlangoni. Nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma, unaokutana na buti. Kwenye zulia lililofunikwa na ule ukingo wa chuma wa mlangoni. Chini ya ule mstari wa kromu unaopita kwenye paneli ya mlango, ukiungoa kwa upole, mara nyingi utakuta alama ya rangi iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Lakini angalieni, palipojificha si lazima pawe safi. Gundi ya zamani hupenya ikaacha doa la hudhurungi, chemchemi za kiti huacha kutu, na vinili nyeupe, ile ngozi ya plastiki, hugeuka manjano kwa joto hata isipoona jua. Chukua sampuli tatu au nne, usiamini moja.

Na safisha kwanza. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalorukwa kuliko yote. Jasho, moshi wa sigara na mafuta ya mikono hutengeneza utando unaojifanya rangi. Kitambaa cheupe, maji safi, sabuni isiyo kali, sugua sehemu ndogo, acha ikauke kabisa, ndipo utazame. Kitambaa au ngozi iliyolowa maji huonekana imekolea kuliko ilivyo.

Magari mengi pia yana ushahidi wa maandishi. Magari ya General Motors ya miaka hiyo yana kibati kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na kibati hicho kina msimbo wa mapambo ya ndani. Ford za Marekani za miaka ya 1960 waliuweka kwenye kibati cha mlangoni. Mercedes-Benz walitunza kadi ya taarifa za kila gari. Msimbo hautakupa rangi mkononi, ila utakuepusha na kosa kubwa: kuiga kwa bidii kazi ya fundi aliyekutangulia miaka ishirini iliyopita, ukidhani ni ya kiwandani. Nimeona gari lenye viti vyekundu ambalo msimbo wake ulisema hudhurungi. Tulipong'oa kiti cha mbele, chini ya reli kulikuwa na kipande cha zulia la hudhurungi, kimebanwa na boliti, kinasubiri.

Kwa nini rangi fulani huwa adimu? Mara nyingi ni kwa sababu wanunuzi wachache waliichagua, au ilitolewa mwaka mmoja tu, kisha aliyekuwa akiifuma au kuitia ngozi rangi akafunga kazi. Connolly wa Uingereza, waliokuwa wakiwauzia Rolls-Royce na Jaguar ngozi, walianza mwaka 1878, na kiwanda chao cha ngozi kilifungwa mwaka 2002. Vitambaa vya michoro vina ugumu wao wa pekee. Chukueni ile miraba ya Kiskoti ya Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, iliyobuniwa na Gunhild Liljequist. Pale hulinganishi rangi moja. Unalinganisha uhusiano wa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyeupe ikishageuka maziwa na nyeusi ikafifia, kitambaa kipya kilichofumwa kwa usahihi kabisa kitapiga kelele kikiwekwa kando ya cha zamani. Kwa vitambaa vya namna hiyo, mimi hubadilisha viti viwili vya mbele kwa pamoja au sigusi kabisa.

Naomba sasa hizo taa za mrija za upande wa kushoto zizimwe. Asante. Nina vipande viwili vya ngozi hapa, damu ya mzee vyote viwili. Chini ya taa za mrija hakuna aliyeweza kuvitofautisha. Sasa nawasha balbu hii ya zamani, ya waya unaowaka. Mnaona? Kimoja kimebaki damu ya mzee, kingine kimekuwa kama tofali. Wataalamu wanaliita jambo hili metamerizimu: rangi mbili zilizoundwa kwa viungo tofauti hukubaliana katika mwanga mmoja na kugombana katika mwingine. Ndiyo sababu tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, iliweka mianga ya kupimia: D65 ya mchana, yenye joto la rangi, yaani kipimo cha mwanga unavyoelekea manjano au buluu, la takriban kelvini 6500, na A ya balbu ya waya, kelvini 2856.

Kipande hiki kilichokuwa tofali ni kazi ya mikono yangu. Rangi yake niliichanganya usiku, chini ya taa za karakana, nikaridhika nayo, nikapaka viti viwili. Asubuhi nikalitoa gari nje, na kabla mwenye gari hajasema neno niliona usoni mwake. Siku tano za kazi zilifutwa na kurudiwa. Tangu siku hiyo rangi yangu haipiti bila kutazamwa kivulini mchana, chini ya balbu, na chini ya taa za mrija. Kisha naipeleka ndani ya gari lenyewe na kufunga milango. Vioo vya gari vina rangi yake, vingi vina ukijani kidogo, na mwanga unaofika kwenye kiti umepita humo. Halafu naweka sampuli mahali pake halisi: kiti kimelala, paneli ya mlango imesimama, na rangi ile ile haifanani katika mikao hiyo miwili.

Mtaniuliza, mashine je? Spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, ni chombo kizuri, nami ninacho. Huniambia tofauti kwa namba, ile delta E, ambapo karibu 1 ni tofauti ambayo jicho lililozoea linaanza kuiona kwa shida. Lakini tundu lake ni dogo. Kwenye ngozi yenye chembechembe husoma vivuli vya mikunjo. Kwenye mahameli husoma mlalo wa nyuzi: zisugue kwenda mbele, rangi imekolea, zirudishe nyuma, imepauka. Naitumia kunipeleka karibu na rangi. Hatua za mwisho ni za macho, yawe yamepumzika, na kati ya jaribio na jaribio yatazame kitu cha kijivu.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya subira. Kwa ngozi yenye rangi ya kupakwa juu naanza na ile nyepesi, mizani inasoma sehemu ya kumi ya gramu, na kila tone linaandikwa. Nyekundu ikizidi ukali, usikimbilie nyeusi. Nyeusi huua rangi. Tia tone la kijani, koroga, tazama. Paka juu ya kipande cha ngozi halisi, si juu ya karatasi, kausha kwa hewa ya joto, kisha subiri ipoe. Rangi hizi za maji zikiwa mbichi zina weupe wa gundi yake, zikikauka hukolea. Anayehukumu mbichi atakosa kila mara. Na kabla hujaongeza tone lingine, tazama mng'ao. Mara nyingi sana rangi ilikuwa sawa na koti la juu, yaani tabaka la mwisho linalopakwa juu ya rangi, ndilo lililokosea: linalong'aa huikoleza rangi, lililofubaa huipausha.

Kwa zulia na vitambaa, jua kwanza ni nyuzi gani. Sufu na nailoni hukubali rangi za asidi kwa moto wa kawaida wa jikoni. Poliesta hutaka rangi za aina nyingine kabisa na joto la karibu nyuzi 130 za Selsiasi chini ya mgandamizo, kwa hiyo msijaribu kuitia rangi ikiwa garini. Vinili haizamishwi, hupakwa. Na mkiagiza kitambaa kipya, nunueni chote mtakachohitaji kutoka bunda moja, pamoja na ziada.

Jambo moja zaidi, kwa sababu naona linawasumbua vijana. Msitake ngozi, zulia, vinili na plastiki vifanane kabisa. Hata kiwandani havikufanana. Kila kimoja kilitiwa rangi kwa njia yake, na jina moja tu la kijani ndilo lililoviunganisha. Zulia lilikuwa zito kidogo kuliko kiti, plastiki ya dashibodi ilikuwa baridi kidogo. Ukiisawazisha tofauti hiyo, umeifuta sura ya gari.

Kipande cha kijani kimefika wapi? Naomba kirudi mbele, kina mwenyewe. Kiti kikimaliza kushonwa, kipande hicho nitakitia kwenye bahasha isiyopitisha mwanga, pamoja na karatasi yenye uzito wa kila rangi niliyotumia na tarehe, kisha nitaibana chini ya kiti cha nyuma, pale fundi mwingine atakapoanzia kufumua.